Yohane wa Ishirini

Kofia ilitoka gerejini pamoja na viti. Tulikuwa tukiandaa nyumba ya baba mdogo kwa wageni wa matanga, maana shosho, nyanya yetu, alikuwa amefariki kule Murang'a, na sisi wa Campbelltown, huku Australia, tusioweza wote kupanda ndege, tuna namna yetu ya kumlilia mtu wa mbali: viti vya plastiki uani, chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa, na simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji ikituonyesha waliobaki nyumbani. Mama aliinua boksi lililokuwa limekandamizwa na viti, likapasuka upande mmoja, na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Rangi ya dhahabu, ile ya kupuliza kutoka kwenye mkebe. Harufu kali yenye utamu mbaya, inayokaa juu ya ulimi kama dawa.

Ndani kulikuwa na kofia ndefu ya katoni, imebonyea, dhahabu yake imebanduka kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua. Mbele, kwa kalamu nene nyeusi, palikuwa na herufi mbili: XX.

"Aki hii bado iko?" mama alisema. "Si ni ile ya siku uliyotuaibisha?"

Akacheka, na wanawake waliokuwa wakikata vitunguu wakacheka naye. Miaka yote hii kisa cha kofia ile husimuliwa nyumbani kwetu kama kichekesho, kwenye Krismasi, kwenye ubatizo, mgeni yeyote akishashiba. Mimi hukaa pale nikionyesha meno huku moyo unatokota. Sijawahi kukisimulia mwenyewe. Leo nakisimulia, na sitacheka.

Kwetu, binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Hilo haliulizwi, kama jua lisivyoulizwa litatokea wapi. Shosho alizaa wana wawili: baba yangu, Kariuki, na mdogo wake, Njoroge. Kila mmoja alitangulia kupata binti, na kila binti akawa Wanjiru. Kwa kuwa shosho alibatizwa Teresia, nasi tukabatizwa Teresia. Kwa kuwa babu alikuwa Mwangi, nasi tukawa kina Mwangi. Majina yote matatu, kama sare mbili zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja. Watu wa pwani wana neno zuri la mtu mwenye jina kama lako, wajina, na mimi nilikuwa na wajina wangu tangu sijajua kusema.

Hakuna aliyeona tatizo. Kwetu jina halikuwa kibandiko cha kumtenga mtu na jirani yake. Lilikuwa mtu mwenyewe anarudi. Baba hakuniita Wanjiru. Aliniita "mami", na si kwa mzaha wala kwa kubembeleza. Aliniita vile kwa sababu mimi nilikuwa mama yake. Siku moja nilivunja kioo cha redio yake, akainua mkono, na mama akamuuliza taratibu kutoka jikoni, "Utampiga mama yako?" Mkono ukashuka wenyewe. Baba alionekana kama mtoto aliyeshikwa akiiba sukari. Na shosho, alipopiga simu, hakutusalimia kama watu wengine. Alisema, "Halo, mimi! Huko nimeshindaje?"

Nami nilimjibu kwamba ameshinda salama.

Baba mdogo alitangulia kuja Sydney na familia yake. Sisi tulifuata katikati ya mwaka, majira ya baridi, tukaingia katika nyumba hiihii ya matofali mekundu, familia mbili chini ya bati moja. Mama zetu walifanya kazi hospitalini. Baba zetu walitoka alfajiri kwenda Wetherill Park, kwenye ghala la vigae, na kule ghalani baba mdogo aliitwa George, na baba, baada ya wiki moja tu, akawa Kaz, baadaye hata kwa walimu wetu. Alirudi nyumbani akatuambia jina hilo akicheka. Nakumbuka nilimwangalia nikijiuliza aliyebaki ni nani.

Wajina wangu alikuwa akielewa Kiswahili chote na akijibu kwa Kiingereza, hata ukimuuliza kama anataka chumvi. Alikuwa na kofia ya shule iliyopauka vizuri, kama za wenzake. Yangu ilikuwa mpya na ngumu. Siku ya kwanza alinishika mkono mpaka mlango wa darasa, na huko nilikuta jina langu limeshakaliwa.

Mwalimu wetu, Miss Farrell, alikuwa mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia hasira yangu hudhani namzungumzia mtu katili. Hapana. Alikuwa na mashavu ya waridi na alitupa vibandiko vya nyota. Alitutazama sisi wawili, akauliza jina langu, akauliza tena, kisha akapiga makofi kwa furaha.

"Yote matatu? Mnanitania! Basi tutafanya hivi. Wewe uliyekuwapo utakuwa T1. Na wewe, mpenzi, utakuwa T2."

Darasa likacheka kwa upole. Majira ya machipuko yalipofika, njia za treni za jiji zikapewa nambari, na yetu, ile ndefu inayokuja mpaka huku kusini-magharibi, ikawa T2. Basi huruma ikaisha. Wavulana walinifuata uwanjani wakibana pua kama mtangazaji wa stesheni: "Abiria wa T2! Vituo vyote mpaka Campbelltown! Tafadhali jihadharini na pengo!"

Kuna aina ya dharau inayokuja imevaa tabasamu, na hiyo ndiyo nisiyoweza kuisamehe mpaka leo. Mtu akikutukana, unajua pa kushika. Akikupa nambari kwa upendo na kibandiko cha nyota juu yake, utashika wapi?

Mwaka ule, huko Roma, papa mpya alikuwa amechaguliwa, naye akachukua jina ambalo hakuna papa aliyewahi kulitumia kabla yake. Miss Farrell alifurahia jambo hilo kama timu yake imeshinda. Alipanga picha za mapapa wa kale ukutani, kutoka dirishani mpaka kwenye sinki la kuoshea brashi: wazee wenye macho makubwa, kila mmoja na jina lake, na nambari, na mwaka aliokufa. Klementi, Klementi, Klementi. Gregori, Gregori. Inosenti. Na Yohane, ambaye alikuwa mwingi kuliko wote.

"Nani anaweza kuniambia," aliuliza, "kwa nini walirudiarudia majina yaleyale?"

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, nilikuwa nimeulizwa kitu ninachokijua. Nilikuwa nimeuangalia ukuta ule kwa siku nyingi na nilikuwa nimewatambua watu wale. Walikuwa watu wetu. Walikuwa wakirudi.

"Ni kwa sababu ya babu," nilisema. "Mjukuu lazima aitwe kwa jina la babu yake. Kisha babu yake anakuwa yeye."

Kikazuka kicheko. Mvulana mmoja akasema papa haruhusiwi kuoa, hata watoto wadogo wanajua. Miss Farrell mwenyewe aliuma mdomo. "Mapapa hawana wajukuu, T2. Lakini ni wazo tamu sana."

Wazo tamu. Kwetu katekisimu ilimwita papa Baba Mtakatifu. Ningejuaje kwamba kuna baba asiye na mtoto? Wajina wangu, aliyekaa dawati la mbele, hakucheka. Aliinamisha kichwa mpaka nywele zake zikagusa kitabu, na shingo yake ilisema kila kitu: natamani usingekuja.

Nikaendelea kuusoma ukuta, sasa kwa hofu. Papa mpya hakuwa na nambari. Miss alieleza sababu: wa kwanza hana nambari mpaka aje wa pili. Nikatazama picha moja moja. Chini ya kila mmoja palikuwa na mwaka wa kufa, na wa pili hakuja mpaka wa kwanza amekufa. Nilikuwa na umri wa kuweza kugawanya kwa desimali, lakini woga haufuati desimali. Ikiwa mimi nilikuwa wa Pili, basi kwa kuniita hivyo mwalimu alikuwa amemfanya mtu kuwa wa Kwanza, na wa kwanza wote pale ukutani walikuwa wafu.

Nilimtazama wajina wangu akila nafaka za asubuhi kama muuguzi anayehesabu pumzi za mgonjwa. Alipokohoa, niliacha kijiko. Lakini niliyemwogopea zaidi alikuwa mwingine, yule aliyekuwa na jina kabla yetu sote, peke yake milimani na magoti yake mabaya.

Jumapili, baada ya misa, simu ilipolia niliinyakua.

"Halo, mimi! Huko nimeshindaje?"

"Shosho, uko mzima?"

"Niko mzima kama wewe. Kwani umesikia nini?"

"Shuleni wamenipa nambari. Wajina ni wa Kwanza. Mimi ni wa Pili."

Nilisikia jogoo wake, na mbali kidogo mtu akipasua kuni.

"Nani amekuhesabu?" shosho aliuliza, na hiyo haikuwa sauti ya kunisalimia. "Mpe Kariuki simu."

Baba alishika simu kwa mikono miwili. Alisimama wima katikati ya sebule, na sote tulisikia, maana shosho aliamini kwamba Australia ni mbali na ni lazima upige kelele ili ufike.

"Kariuki! Watoto mmewapeleka shule au mnada wa ng'ombe?"

"Mama, ni namna yao tu ya—"

"Mimi hata mbuzi wangu siwahesabu kwa mdomo! Nawaangalia, najua aliyekosa. Kinachohesabiwa hupungua. Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, mama."

"Basi?"

Baba alipokata simu alinitazama, kisha akatazama dirisha. "Mami," alisema, "tumekuja juzi. Ukiingia nyumba ya mtu hupangui viti. Tusisumbue watu."

Tusisumbue watu! Nimelisikia neno hilo katika kila sebule ya watu wetu jijini, kutoka huku mpaka vyumba vya wanafunzi kule Kensington. Msimamizi akikata jina lako katikati kama muwa, tusisumbue watu. Nesi mwenzako akisema jina lako ni refu, atakuita Terry, tusisumbue watu. Tumevuka bahari nzima tukabeba vyeti, mablanketi na picha za harusi, na kitu kimoja ambacho hakina uzito wowote, kisicholipiwa ushuru, tukakiacha mlangoni kama viatu vyenye matope.

Mijakaranda ilikuwa inachanua. Nairobi nayo huchanua mwezi uleule, na kwa wiki mbili barabara ya shule ilinidanganya kila asubuhi kwamba nimerudi. Ndipo Miss Farrell alipotangaza maonyesho ya mwisho wa mwaka: Gwaride la Mapapa. Tungewaonyesha wazazi jina moja likipita katika enzi zote za kati. Lingekuwa Yohane, kwa kuwa hakuna jina lililotumiwa na mapapa wengi zaidi, na lingetosha darasa zima. Tulikata katoni, tukazipulizia dhahabu nje karibu na mapipa mpaka nyasi zikang'aa, na Miss akapita na kalamu nene akiandika nambari kwa herufi za Kirumi, dawati moja baada ya jingine, kuanzia mbele. Wajina wangu alipata mbili. Mimi, niliyekaa safu ya nyuma kabisa karibu na sinki, nilipata ishirini. XX. Mahali nilikotoka, alama hiyo ilikuwa na maana moja tu, na mwalimu wangu wa Nairobi alikuwa akiiandika kwa wino mwekundu.

"Sasa kila mtu aende akamtafute papa wake," Miss alisema. "Alikuwa nani? Alifanya nini?"

Wajina wangu alimpata wake haraka. Alituletea habari zake mezani jioni ileile, tukila ugali na spinachi.

"Yohane wa Pili alizaliwa na jina la mungu wa kipagani," alisema kwa Kiingereza chake chepesi. "Alipokuwa papa aliona haiwezekani, akachukua jina zuri. Miss anasema ndiye aliyeanza desturi hiyo ya kubadili. Kwa hiyo mwakani na mimi nitabadili. Nitakuwa Joan."

"Joan!" baba mdogo alisema. "Fupi, safi. Vizuri sana."

"Njoroge," baba alisema, nusu akicheka, "na mama je?"

"Mama yuko Murang'a, hapa ni shule tu. Mimi kazini ni George, nimekufa?"

"Na mimi ni Kaz."

"Kaz! Hilo ni jina la foklifti."

Wakacheka mpaka baba mdogo akapaliwa. Mimi nilikuwa nimeweka tonge chini.

"Wanjiru si mungu wa kipagani," nilisema.

"Mami, hakuna aliyesema hivyo."

"Amesema."

"Kula chakula chako."

Nilimfuata wajina wangu chumbani, tulikokuwa tukishirikiana kitanda cha ghorofa. Nilimuuliza kwa nini. Nilitarajia aniambie kwamba jina letu ni baya, na nilikuwa nimeshakunja ngumi kwa ajili ya jibu hilo. Lakini alinigeukia macho yakiwa mekundu.

"Kabla hujaja sikuwa na nambari," alisema. "Nilikuwa Teresia tu. Wewe ndiye uliyenifanya kuwa T1. Unalitaka jina? Chukua. Chukua lote."

Akalitoa vile, kana kwamba jina ni mkate na mimi ndiye mwenye njaa. Alikuwa na miaka kumi. Simkasirikii yeye, nimejaribu na hasira inateleza. Nawakasirikia watu wazima waliotuweka watoto wawili juu ya kigoda kimoja, kisha wakaona ajabu tunasukumana.

Kesho yake nilikwenda maktaba ya shule kumtafuta papa wangu. Nilikuwa nimeamua nitampenda. Nilikuwa nimeshampa sura: mwembamba, mweusi kidogo, na magoti mabaya. Kitabu kilikuwa kizito, nikakifungua sakafuni. Yohane wa Kumi na Saba. Wa Kumi na Nane. Wa Kumi na Tisa, na miaka yake, na mambo yake. Nikafunua ukurasa. Yohane wa Ishirini na Moja.

Nilirudisha ukurasa. Nilidhani kurasa mbili zimegandamana. Nikaupitisha ukucha ukingoni. Kisha nikaona, chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya nyuma ya pakiti ya dawa, maelezo: hapakuwahi kuwa na Yohane wa Ishirini. Waandishi wa zamani walikosea kuhesabu, wakaamini kulikuwa na Yohane mmoja zaidi ya waliokuwapo, na papa aliyefuata kulichukua jina hilo akajipa nambari ya mbele. Pengo likabaki.

Nilikaa pale sakafuni mpaka kengele ikalia. Sijui kama mtoto anaweza kukikasirikia kizazi kizima cha watu waliokwisha kufa, lakini nilifanya hivyo. Watu wale walijua kwamba wamekosea! Walikuwa na mamia ya miaka ya kurekebisha. Badala yake wakaacha shimo lenye jina, na shimo hilo likangoja kwa uvumilivu mpaka lilipompata msichana wa safu ya mwisho darasani, huku Campbelltown.

Miss Farrell alisoma maandishi yale madogo mara mbili. Yeye alikuwa amehesabu watoto. Hakuwa amehesabu mapapa. Uso ulimwiva, kisha ukatulia.

"Maskini we. Hakuna shida, tutaruka. Unajua nani ninamhitaji sana, T2? Mtu wa pazia. Ni kazi muhimu kuliko zote."

"Lakini nina kofia."

"Unaweza kuivaa ukiwa nyuma ya pazia."

Siku ya maonyesho ukumbi ulikuwa na joto la tanuri. Mapanka yalizunguka bila kusaidia, na harufu ya dhahabu kutoka kwenye kofia zetu ilijaa mpaka watu wakajipepea kwa karatasi. Mama zetu walikaa mstari wa tatu na baba mdogo, aliyekuwa mapumzikoni siku ile, amevaa tai. Baba hakuwapo bado. Nilishika kamba ya pazia, nikafungua.

Mmoja mmoja walisogea mbele. Mimi ni Yohane wa Kwanza. Makofi. Wajina wangu alisogea, kofia imemkaa sawa, mzuri kuliko wote. "Mimi ni Yohane wa Pili," alisema. "Nilikuwa na jina baya, nikachukua jina zuri." Makofi mengi. Baba mdogo alisimama kupiga yake. Mama alimpigia pia, na hilo nililiona vizuri kutoka pale nilipokuwa.

Walipita wote. Wa Kumi na Nane, mvulana aliyesahau maneno. Wa Kumi na Tisa. Na wa Ishirini na Moja akaanza kuinua mguu, kama alivyofundishwa, kuruka pale ambapo mimi ningesimama.

Niliachilia kamba. Nusu ya pazia ikashuka na kuwafunika mapapa wa kwanza. Nilitembea mpaka mbele, nikavaa kofia yangu.

"Mimi ni Yohane wa Ishirini," nilisema kwa Kiingereza kile nilichokuwa nacho. "Sikuwapo. Walihesabu vibaya. Kisha wakaona haya kusema wamehesabu vibaya, wakaniacha hivi. Lakini niko hapa. Jina langu ni Wanjiru. Mimi si wa pili. Shosho wangu yuko hai."

Wakacheka. Ukumbi mzima ulicheka kwa mapenzi, wakidhani ni sehemu ya mchezo, na makofi yakaja makubwa kuliko ya wote. Hicho ndicho kilichonivunja. Kama wangenizomea ningesimama pale mpaka leo. Nilianza kulia, na kofia ikashuka machoni.

"Ahsante, T2, ahsante mpenzi, umefanya vizuri," Miss Farrell alikuwa akisema akinijia, kisha akaangalia nyuma ya ukumbi. "Ah, baba yake yupo! Kaz, unaweza kumsaidia—"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka ghalani moja kwa moja, bado na shati la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa, vumbi la vigae kwenye nyusi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Kariuki," alisema.

"Samahani?"

"Jina langu ni Kariuki." Aliongea polepole, Kiingereza chake kikiwa kimenyooka kama mtu anayepita juu ya ubao. "Na huyo unayemwita T2 ni mama yangu."

Hapo ndipo walipocheka kweli. Mwanamume mmoja alijipiga paja. Mama aliinamisha uso mikononi, na baba mdogo akawa anavuta tai yake kama inamkaba. Baba hakucheka wala hakuwatazama. Alipita katikati ya viti mpaka chini ya jukwaa, na hakunibeba kama mtoto. Alinyoosha mkono, kiganja juu, kama unavyompa mkono mwanamke mzee anayeteremka ngazi.

"Shuka polepole, mami," aliniambia. "Magoti."

Mwaka uliofuata nilikuwa Wanjiru, kwa mwalimu mwingine, aliyejifunza kulitamka kwa siku mbili, maana ndizo zilizohitajika. Wajina wangu alikuwa Joan. Baba aliendelea kuwa Kariuki pale ghalani. Baadhi walilisema, baadhi walimwita "mate", neno lao la rafiki, kukwepa. Shosho hakuwahi kuambiwa kuhusu Joan. Alipopiga simu aliendelea kutusalimia wote wawili kwa namna ileile, na Joan, niliyelala naye kitanda cha ghorofa, alishika simu kwa mikono miwili, akamjibu kwa Kiswahili.

Sasa, siku hii ya matanga, Joan alikuja akitoka jijini, kutoka ofisini, na nguo nyeusi na trei la maandazi. Alinikuta nimekaa uani na kofia mapajani. Aliitambua kwa pua kabla ya macho, nilimwona akisimama.

"Bado una hasira?" aliuliza.

"Bado."

"Na mimi," alisema, akaketi kiti kilichokuwa karibu.

Viti vilikuwa vimejaa. Kwenye simu, watu wa Murang'a walikuwa wakiimba, sauti zikikatika na kurudi. Padre alikuwa anajiandaa kuomba. Ndipo baba, aliyekuwa jikoni na sufuria, na ambaye amekuwa mzito wa masikio, akaita, safari hii si "mami", kwa sauti ileile ya shosho ya kuvuka bahari:

"Wanjiru! Chai inamwagika!"

Hata kwenye simu nyimbo zikasita, maana jina hilo siku ile lilikuwa la marehemu, na hakuna aliyejua pa kuangalia.

Tuliinuka wote wawili. Sikuangalia ni nani aliyetangulia.